Sarakasi kwa Treni

Siku ya tisa baada ya mazishi, simu ya marehemu ililia mfukoni mwa kaka yake. Ulikuwa ujumbe tu, mlio mfupi kama kengele ya baiskeli, mlio ambao marehemu aliuchagua makusudi kwa sababu ulikuwa ukiwakera watu kwenye foleni. Kaka mtu alikuwa amesimama juu ya kizimba cha lifti, kati ya ghorofa ya tano na ya sita ya jengo la ofisi, anakagua kamba za chuma kwa tochi. Alijifuta grisi kwenye ovaroli, akaitoa simu, akasoma.

"Fyuzi habari za kupotea? Zile picha vipi? Au umeghairi?"

Jina la mtumaji liliandikwa: Meno Treni.

Fyuzi ndivyo walivyomwita mdogo wake wenzake wa mashine za pinboli, zile meza ndefu zenye kioo juu, taa chungu nzima na gololi ya chuma inayokimbia ndani, na wewe umesimama mbele unabonyeza vijiti viwili kuirudisha juu isije ikatumbukia shimoni. Jina lilimpata siku alipochomeka mashine yake ya kwanza ukutani na jengo zima likaingia giza. Wakusanyaji hao walikuwa wametawanyika miji mbalimbali, wakijuana kwa simu na kwa majina ya utani tu, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyepata habari. Aliyezikwa alikuwa na jina jingine kabisa, lile la kwenye kitambulisho. Na Fyuzi naye aliwaandika watu kwenye simu kwa kazi zao na mashine zao: Mwalimu Anga, Dereva Mapapa, Meno Treni.

Simu alipewa na mjane. "Kaa nayo wewe, shemeji," alimwambia jioni ya msiba. "Ikilia nashtuka, nadhani yumo bafuni."

Fundi lifti aliutazama ule ujumbe mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe. Kisha akakiwasha, akaandika: "Samahani. Nilikuwa safarini. Picha zinakuja." Akatuma, akairudisha simu mfukoni, akaendelea na kamba zake. Hakuona kama amedanganya. Aliona kama amemshikia mtu nafasi kwenye foleni.

Mambo yalikuwa hivi. Fyuzi alikuwa na mashine aliyoiita Sarakasi, kwa ajili ya picha ya yule mwanamke anayetembea juu ya kamba kwenye kioo chake cha nyuma. Huyu wa Meno alikuwa na Treni. Walikubaliana kubadilishana, mashine kwa mashine, bila shilingi kutoka upande wowote. Lakini Meno alikuwa mtu wa kujihadhari. Alitaka picha za kila kitu, hasa tumbo la mashine, na alitaka zipigwe kwenye mwanga wa jua, si kwa taa ya chumbani inayoficha nyufa na kutu. Fyuzi akaja kwa kaka yake Jumamosi asubuhi, akicheka: "Kaka, twende ukanisaidie kushusha dude. Yule mama anataka liote jua."

Fyuzi alikaa ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti, jambo ambalo kaka mtu hakuacha kumtania nalo. Sarakasi ilikuwa na uzito wa kilo mia na ishirini. Fyuzi alishika chini, kaka mtu akashika juu. Walipofika kwenye kona ya pili ya ngazi, mashine ikateleza. Kilichofuata kilichukua muda wa mtu kupiga chafya.

Tangu hapo fundi lifti alikuwa mzima, anakwenda kazini, anakula, anajibu salamu. Alikula amesimama, sufuria mkononi. Siku moja alishika risasi ya kuunganishia waya ingali ya moto, akajua kwamba imemuunguza pale tu alipoona ngozi ya kidole imekuwa nyeupe. Akakitazama kidole kama cha mtu mwingine. Msibani watu walilia mpaka wakashikiliwa. Yeye alipanga viti. Shangazi mmoja alisema, huyu amejikaza kiume kweli kweli, na yeye akamsikia, akaenda kuongeza viti vingine.

Picha alizipiga wiki iliyofuata. Mashine ilikuwa pale pale chini, imesukumwa kwenye stoo iliyo chini ya ngazi, imefunikwa shuka la maua ambalo shemeji yake alilitoa kitandani kwake. Mlinzi wa jengo alimsaidia kuiburuta mpaka uani. Fundi akafungua kioo, akainua ubao wa mchezo, akapiga tumbo, nyaya, fyuzi, sehemu ya betri, namba iliyogongwa kwenye mbao. Picha ishirini na saba. Kona ya mbele ya kushoto, iliyopasuka na kumomonyoka, hakuipiga. Alizungusha simu tu, kona ikabaki nje.

Hivyo mazungumzo yakaendelea, kila siku saa moja jioni akitoka kazini. Meno aliuliza, yeye akajibu. Anao ule ufunguo wa mlango wa mbele wa mashine? Anao. Waya wa ardhi umeunganishwa, au mashine inapiga shoti? Umeunganishwa, ameukagua mwenyewe. Betri za kwenye ubao wa umeme zimevuja? Zilitolewa zamani. Kisha akaleta masharti yake, na masharti yalikuwa mengi: wakutane mchana, mahali penye watu na penye umeme, si nyumbani kwa yeyote; mashine zote mbili ziwashwe na zichezwe mbele ya macho ya wote; kila mmoja aje na kitambulisho; waandikiane karatasi. "Na gololi itolewe kabla ya kusafirisha," aliandika. "Kuna bwana aliniletea mashine na gololi ndani. Ilivunja kila kitu njiani kama mbuzi aliyefungiwa jikoni."

Fundi lifti alisoma hilo la mbuzi, akajua kwamba ni la kuchekesha. Akaandika: "Ha ha."

Sharti moja tu lilimshinda. Meno alitaka waonane uso kwa uso kwenye simu kabla ya kukutana. Akamwambia kamera imeharibika. Meno hakujibu siku mbili. Siku ya tatu akatuma mahali na saa, basi, bila hata salamu.

Fundi alikwenda kwa shemeji yake kumwomba ruhusa ya kuiondoa Sarakasi. Mjane alikuwa anapiga pasi. Alikuwa mwalimu wa chekechea na alipiga pasi aproni za wiki nzima kwa mara moja.

"Kuna mtu anaitaka," fundi alisema.

"Aichukue. Hata leo."

"Jumamosi."

"Shemeji, hata akiitaka kwa kuni, aichukue." Hakuinua macho. Alikuwa amekonda, na chini ya macho palikuwa na weusi wa mtu asiyelala. Fundi aliona. Akasema basi sawa, akaondoka.

Safari hii aliita wabebaji wanne, akakodi gari la mizigo. Alifungua miguu ya mashine, akakilaza kichwa chake chenye kioo cha nyuma juu ya blanketi, akafunga mikanda, akatoa gololi na kuitia kwenye soksi. Walikutana kwenye karakana ya fundi makochi, katikati ya miji yao, saa nne asubuhi. Mahali pazuri: mlango mpana, soketi mbili, sponji na vitambaa vimerundikwa mpaka darini, na mwenye karakana amekaa nje anagongelea misumari, haulizi mambo ya watu.

Meno alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, miwani shingoni, mtengenezaji wa meno bandia kwa kazi. Treni yake ilikuwa imeshasimama kwenye miguu yake, inawaka taa. Nje, ndani ya gari dogo lililofungwa vioo, alikaa mwanamke mwingine mnene mwenye simu mkononi.

"Yule dada yangu," Meno alisema bila kutoa mkono. "Fyuzi yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Wewe siye."

Fundi aliitoa soksi yenye gololi mfukoni.

"Niliwahi kuongea na Fyuzi kwa sauti, mwaka jana. Anaongea kama redio, humkatizi. Na akiandika haweki nukta hata siku moja. Wiki sita hizi napata ujumbe kama barua za serikali. Nukta. Herufi kubwa. 'Ha ha.' " Alisema hilo la mwisho kwa sauti kavu. "Umeipata wapi simu yake, na umeipata wapi mashine yake?"

"Kama ulijua, mbona umekuja?"

"Nimekuja kukuona. Dada ameshakupiga picha, na gari lako, na namba yake, na hao vijana wako. Nikimpungia mkono anapiga simu polisi. Sasa niambie."

Fundi aliwatazama wale wabebaji waliokuwa wanateremsha Sarakasi. Alitaka kuwaambia wawili wao wasikae upande wa chini. Badala yake akasema, "Fyuzi ni mdogo wangu, tumbo moja. Amefariki."

Aliisikia sauti yake ikilisema. Msibani watu wote walimwambia yeye. Hakuna aliyehitaji kuambiwa naye. Alingoja kitu kitokee kifuani. Hakikutokea kitu. Ndani ya Treni kulikuwa na taa moja nyekundu ikiwaka na kuzima, akawa anaihesabu.

Meno alivaa miwani yake, kisha akaivua. "Kitambulisho," alisema, lakini kwa sauti ya chini. Fundi akampa chake, na cha marehemu, na nakala ya cheti cha kifo aliyokuwa akitembea nayo kwenye pochi kwa sababu kila ofisi iliitaka. Meno alisoma vyote mstari kwa mstari. Alipofika kwenye tarehe akasimama.

"Alifariki vipi?"

"Mashine ilimwangukia. Hii. Ngazini."

Nyundo ya fundi makochi ilikuwa imenyamaza huko nje, kisha ikaanza tena.

"Mlikuwa mnaipeleka wapi?"

Hapo ndipo fundi lifti alipoamka kidogo, kama mtu anayesikia anaitwa kutoka chumba kingine. Aliona swali linakwenda wapi. Aliona tarehe ya cheti, na tarehe ya ujumbe wa kuomba picha za juani, siku tatu tu kati yake, na aliona jinsi vidole vya huyu mama vilivyotulia juu ya karatasi.

"Walikuwa wanahama," alisema. "Wamepata vyumba ghorofa ya chini. Tulikuwa tunahamisha vitu vyote. Ilikuwa zamu yake tu."

Meno alimrudishia karatasi zake. Kisha akatoa kwenye mkoba kijioo kidogo cha mpini, kile cha kuangalizia magego, na tochi nyembamba, akapiga magoti mbele ya Sarakasi. Alikagua kila kitu, akichungulia nyuma ya mbao na chini ya nyaya. Kwenye kona iliyovunjika alikaa zaidi. Alipoinuka, macho yake yalikuwa mekundu, na fundi hakujua kama amemwamini.

"Hii kona ulinificha."

"Ndiyo."

"Ungekuwa mtu mwingine ningekutangaza kwa wakusanyaji wote, usiguse tena hata skrubu." Alijipangusa vumbi magotini. "Mwenye mali sasa ni nani?"

"Shemeji yangu. Mkewe."

"Anajua?"

"Anajua inaondoka."

"Anajua inabadilishwa na nini? Anajua unaandika kwa simu ya mumewe?" Fundi aliiangalia Sarakasi. "Sichukui kitu ambacho mwenyewe hajaniambia nichukue. Mpigie. Weka sauti nisikie."

Alipiga kwa simu yake mwenyewe. Shemeji alipokea na kelele za watoto wa jirani nyuma yake, halafu mlango ukafungwa, kelele zikakoma. Meno alijitambulisha vizuri, akampa pole, akaeleza: mimi ndiye niliyekuwa nabadilishana na mumeo, nimekuwa nikiandikiana na shemeji yako nikidhani ni yeye, Treni yangu iko hapa, ni yako ukiitaka, Sarakasi nitaichukua kama umeridhia.

Kiti kilisikika kikiburutwa upande wa pili wa simu.

"Shemeji," mjane alisema. "Ni wewe ulikuwa unaandika?"

"Ndiyo."

"Saa moja jioni?"

"Nikitoka kazini. Ndiyo."

"Nilikuwa namwona." Sauti yake haikupanda. "Kwenye simu yangu. Ile sehemu ya juu, chini ya jina lake, inaandika yupo hewani. Kila siku saa moja. Nikadhani kichwa kimeniruka. Sikumwambia mtu, watanipeleka hospitali. Nikawa nakaa namtazama mpaka atoke. Wiki sita, shemeji. Siku moja nilimwandikia, nikafuta kabla sijatuma."

Fundi lifti hakulifikiria hilo hata kidogo. Katika kazi yake yote alifundishwa kwamba ukigusa kitu juu, kuna kizimba kinachotikisika chini na huenda kuna mtu ndani. Na bado hakulifikiria.

"Nisamehe," alisema.

"Mama," mjane alisema, akimwambia Meno, "chukua hiyo Sarakasi. Na hiyo nyingine ije. Alikuwa anaiimba usiku na mchana, hebu niione ina nini."

Meno alimpungia dada yake, kisha akakumbuka, akakimbia nje akipiga kelele, "Siyo hivyo! Siyo polisi! Acha simu!" Dada mtu akateremka na kusimama mlangoni mwa karakana, akamtazama fundi kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. Mdogo wake akamnong'oneza. "Eh," dada alisema. Akarudi garini, akaja na chupa ya chai na vipande vya mkate, akamwekea fundi juu ya kochi lisilo na kitambaa. "Kaa chini ule," alisema. "Kaa, nimesema." Akakaa.

Walicheza mashine zote mbili, mizunguko mitatu mitatu, kama sharti lilivyotaka. Zote zilifanya kazi. Meno aliandika karatasi mbili: namba za mashine, hali zao, kasoro zao. Upande wa Sarakasi aliandika kwamba kona imevunjika kwa kuanguka. Akainua kalamu, akafikiri, akaweka sahihi hapo hapo. Wakapakia. Wabebaji waliposhika Sarakasi, Meno aliwaamuru wawili wakae pembeni, si chini, na alilisema kwa ukali hata wakamshangaa.

Alasiri Treni ilipandishwa ghorofa ya tatu na watu wanne, fundi akiwaongoza kwa mdomo tu, mkono wake haugusi. Kwenye kona ya pili aliangalia ukuta. Wabebaji walipokwisha kuondoka, alikaa sakafuni sebuleni kwa shemeji yake, spana mkononi, anasawazisha miguu ya mashine kwa pima-maji. Mjane aliketi kwenye mkono wa kiti.

"Shemeji," fundi alisema akiwa bado chini, "siku ile alitaka tumwite mlinzi atusaidie. Alisema tuwe watatu. Mimi nikasema hakuna haja, mimi ni mtu wa lifti, nimeshusha mizigo mizito kuliko huu."

"Najua."

Spana ilisimama.

"Mlango ulikuwa wazi," mjane alisema. "Niliwasikia. Nilikuwa nakoroga uji, na hata mimi nilisema moyoni, kweli, wawili wanatosha."

"Mbona hukusema? Msibani, au baadaye?"

"Ningesema nini? Na wewe ulikuwa unapanga viti." Alijifuta uso kwa kiganja, mara moja, kama anayefuta ubao. "Sijui kama nimekusamehe, shemeji. Siku nyingine naamka nimekusamehe, siku nyingine naamka sitaki hata kukuona. Nakwambia ili ujue. Inua huo mguu wa kushoto, inalala upande."

Akainua mguu wa kushoto. Kipovu cha pima-maji kikaenda katikati, kikakaa. Kidole chake kilichoungua kiligonga chuma, na safari hii kikauma, maumivu madogo ya kawaida. Akakitia mdomoni.

Aliitoa simu ya Fyuzi mfukoni, akamtumia Meno ujumbe kwamba Treni imefika salama, akamwonyesha shemeji alichoandika kabla ya kutuma. Kisha akaizima kabisa na kumkabidhi. Mjane aliipokea, akaiweka kwenye droo pamoja na hati za nyumba.

Fundi akachomeka waya ukutani. Taa zikawaka zote, filimbi ya treni ikalia, na hakuna nyumba iliyoingia giza. Mjane alisimama mbele yake, akavuta kile kishikio cha kurushia gololi, akakiachia. Gololi ikapanda, ikagonga hapa na pale, ikashuka katikati kabisa ya vijiti viwili, ikatumbukia. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akaigusa mara moja.

"Ndiyo hii tu?" aliuliza.

"Ndiyo hii tu."

"Hii ndiyo aliyokuwa akiililia mwaka mzima?"

"Ndiyo."

Akaitazama mashine, mikono kiunoni. Kisha akakitafuta kile kitufe cha kuanzia, akakibonyeza tena.